Mzee Aliyeuliza Mgahawa wa Kijapani Kamina

Mtu wa kwanza kuniuliza mgahawa wa Kijapani hapa Kamina nilimcheka mpaka nikashika mbavu.

Mtu wa pili alikuja kumtafuta yule wa kwanza. Huyo hakunichekesha, ingawa nilimpa chakula bure.

Sogeeni niwaeleze. Mwenye sufuria jikoni akaipunguzie moto kwanza.

Mimi ni Amida. Nina kibanda cha chakula mbele ya gare, stesheni yetu ya treni huku Kongo. Ukishuka kwenye treni, samaki wangu anakupokea kabla ya ndugu zako. Sisi ni watu wa Maniema. Babu zetu walifika huku na biashara, wakaondoka duniani, biashara ikabaki. Mume wangu Ismaeli ananunua mahindi huko Kaniama na kuyauza hapa mjini.

Yeye anauza mahindi, mimi napika na kuongea. Ismaeli husema kama maneno yangekuwa mahindi, tungeshajenga ghala.

Basi mchana mmoja treni ya kwenda Kalemie ilikwama Kamina. Injini imekufa. Kwetu hiyo wala si habari, abiria walishatandika mikeka yao kivulini na wengine walikuwa wanafua nguo.

Akaja mzee mmoja mdogo wa mwili, kofia ya kitambaa kichwani, mkoba mgongoni, anakohoa kikohozi kile cha vumbi ambacho kila mgeni anakipata huku. Nikajua ni mmoja wa Wachina wanaojenga barabara.

Akasimama mbele yangu akasema, "Mama Amida?"

Nikashtuka. Jina langu amelitoa wapi? Lakini jamani sifa ni tamu. Nikajiona nimefika, jina langu limevuka maji.

"Njo minyi, papa. Karibu. Kuko bugali, kuko wali, kuko samaki ya ziwa Kisale."

Akakaa. Tukaongea Kifaransa, chake cha polepole na changu cha shule ya msingi. Kumbe si Mchina, ni Mjapani. Anaitwa Nagase. Alifanya kazi ya reli kwao mpaka akastaafu, na sasa anazunguka dunia kwa treni. Kila mji wa watalii anaofika anatafuta mgahawa mzuri wa Kijapani, anaonja, halafu anawaandikia wenzake kwenye internet waende au wasiende.

"Na hapa Kamina kuna mmoja," akasema.

Hapo ndipo nilipocheka.

"Papa, Kamina hii hii? Batalii banakuyaka huku kuangalia nini? Mavagon yenye kuharibika?"

Hakukasirika. Akanipa simu. Kweli, picha zilikuwepo. Chumba chenye mikeka, meza fupi, mabakuli, viatu vimepangwa mlangoni. Nyota karibu zote. Ramani ilionyesha ng'ambo ya reli, kwenye ile barabara inayotoka mjini kuelekea mashambani.

Mimi nimezaliwa hapa. Ng'ambo ile najua nyumba zote, na mbwa wake. Mgahawa wa Kijapani sijausikia. Lakini siku hizi kila ukigeuka kuna tajiri amejenga kitu, nikasema labda.

Nikamwekea wali na samaki. Akatoa vijiti vyake viwili kwenye mkoba, akala navyo taratibu, na watoto wa gare wote wakaja kuangalia.

"Unajuaje mgahawa mzuri?" nikamuuliza.

"Siangalii nyota," akasema. "Nyota zinanunuliwa. Katika miji ya watalii kuna migahawa ya Kijapani ambayo hakuna Mjapani aliyewahi kuikanyaga. Mimi naangalia wali. Wali ukiwekwa mezani unaniambia kama nyumba ile inajua inachofanya."

"Na wali wangu unasemaje?"

"Unasema mama huyu anaongea wakati wa kupika."

Nikacheka tena, maana kweli ulikuwa umeshika chini.

Alipomaliza, alivilaza vijiti juu ya bakuli. Meza yangu ilikuwa na mafuta, nikamwambia angevichomeka tu kwenye wali uliobaki, visimame, visichafuke. Uso wake ukabadilika kidogo.

"Hapana, mama. Kwetu wali wa namna hiyo anawekewa maiti. Vijiti vikisimama kwenye wali, mezani kuna mtu aliyekufa."

Nikasema astaghfirullah, nikaondoa bakuli.

Alipoinama kuvaa mkoba, kamba ya kiatu chake cha kulia ikakatika. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi ya kahawia, vizuri, vya mtu anayetembea sana. Nikachana upindo wa kikwembe changu cha zamani cha kijani, nikamfungia mwenyewe kwa mkono wangu. Kiatu kimoja kamba nyeusi, kingine kitambaa cha kijani. Akafurahi kama mtoto aliyenunuliwa pipi.

Mkoba akaniachia. "Nitarudi kabla jua halijazama," akasema.

"Kama ni nzuri, uniletee kidogo!"

Akavuka reli akikohoa, simu mkononi.

Jua likazama, hakurudi.

Nilifunga kibanda nikiwa naangalia ng'ambo. Nikabeba mkoba mpaka nyumbani. Kesho yake treni ikatengenezwa, ikapiga honi, ikaondoka. Kiti chake kikaondoka kitupu.

Ismaeli aliporudi kutoka Kaniama nilimweleza yote. Nilitegemea anicheke. Badala yake akauchukua ule mkoba, akaufungia ndani ya kabati.

"Amida, ile mambo ya muzee, usiongelee ku gare. Unasikia?"

"Juu ya nini?"

"Juu minyi nasema."

Miaka yote ya ndoa yetu Ismaeli hajawahi kunijibu hivyo. Nikanyamaza, jambo ambalo peke yake lingemshangaza, lakini hata hakuona.

Baada ya hapo akaanza kutoka na chakula. Kila jioni anachota wali, samaki, anafunika.

"Unapeleka wapi?"

"Kwa Muzee Assumani. Eko mugonjwa."

Mzee Assumani ni baba yake mdogo, anakaa nyuma ya msikiti. Asubuhi iliyofuata nilimkuta sokoni amebeba kuku wawili, anabishana bei kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mgonjwa gani huyo?

Nikaanza kujumlisha. Mgeni amepotea. Mkoba wake umefungiwa kabatini kwangu. Mume wangu ananidanganya. Nilikuwa nalala kitanda kimoja na mtu huyo na nikawa naogopa kumgusa.

Hapo ndipo alipokuja Gamaliel.

Alikuja mchana, watu wamepungua. Shati jeupe limenyooshwa, viatu vinang'aa, sauti ya chini. Akaagiza samaki, akamsifia kabla hajamwonja. Halafu akatoa simu akanionyesha picha.

Mzee Nagase, amekaa pale pale kwenye meza yangu, vijiti mkononi.

"Mama, uyu muzee unamuyua?"

Nikaikodolea macho ile picha. Nani aliyeipiga siku ile? Swali hilo lilinipitia kichwani, na mimi mpumbavu nikaliacha lipite.

"Namuyua! Eko wapi?"

Akafunika uso kwa mikono. Mwanaume mzima akalia. Machozi ya kweli, yakadondoka karibu na sahani.

"Minyi natoka ku ambassade ya Japani. Binti yake analia kila siku. Anasema, hata kama papa amekufa, bamupatie mwili tu azike."

Jamani, mimi nina baba aliyezikwa mbali, Kasongo, na sikumwona. Nilimpa yule mtu maji. Nikakataa hela yake ya chakula. Halafu nikafungua mdomo.

Nilimweleza vijiti. Nilimweleza kikohozi. Nilimweleza kamba ya kijani. Nilimweleza mkoba upo kwangu na mume wangu ameufungia. Akaacha kulia.

"Bwana yako anafanyaka kazi gani?"

Nikamwambia na hilo.

"Mama, kama unaona kintu yake, hata kifungo ya shati, uniite. Usiambie mutu. Hata bwana yako." Akaniandikia namba yake. "Weye uko muntu muzuri. Bantu bote hapa banakuaminia."

Nilivimba kichwa. Sasa hivi nikiyakumbuka maneno yale naona haya.

Alhamisi kwa Mzee Assumani kulikuwa na hitima ya kumrehemu marehemu mkewe. Wanaume walikaa sebuleni wakisoma, sisi wanawake tuko nyuma na chai na sambusa. Nilifika na sufuria yangu baada ya sala ya alasiri.

Sasa mjue desturi ya nyumba ile. Kwa Mzee Assumani hakuna anayevuka kizingiti na viatu. Awe mkubwa wa serikali, awe daktari amekuja mbio, viatu vinabaki nje. Mlango wa nyuma siku za hitima unakuwa na rundo, na sisi wenyeji tunajua kila jozi ni ya nani.

Nikavua ndala zangu. Nikaangalia chini nizipange.

Viatu vya ngozi ya kahawia. Kimoja kamba nyeusi. Kingine kitambaa cha kijani nilichokichana kwenye kikwembe changu.

Sufuria ilinishinda, nikaiweka chini. Kwanza nilifikiri: kuna mtu wa nyumba hii anavaa viatu vya maiti. Halafu nikafikiri jina la mtu huyo, na jina likawa Ismaeli.

Nilienda nyuma ya choo. Nikapiga simu.

"Papa Gamaliel, viatu yake niko naiona. Kwa Muzee Assumani, nyuma ya musikiti. Kuya na batu bakubwa, minyi naogopa."

"Aksanti, mama," akasema, na sauti yake haikuwa na machozi hata kidogo. "Nakuya sasa hivi."

Nilirudi, nikaingia ndani pekupeku, nikitafuta mume wangu nimwangalie usoni. Chumba cha mwisho mlango ulikuwa umerudishwa. Nikausukuma.

Mzee Nagase alikuwa amekaa mkekani, mguu mmoja umefungwa bandeji, anakula wali wangu kwa vijiti.

Alikuwa hai, jamani! Niliangua kilio cha furaha pale pale. Ismaeli alikuwa pembeni yake, akaruka kunifumba mdomo.

"Nani amekuambia?"

"Viatu!" nikasema. "Biko ku mulango!"

Ismaeli akashika kichwa. Walimficha mtu, wakaficha mkoba, wakadanganya mpaka mke, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewaza kuingiza viatu ndani. Ingewezekanaje? Viatu havivuki mlango ule. Na mzee mwenyewe kwao ni vivyo hivyo, alivivua akaviacha nje bila kufikiri.

"Hakuna shida," nikasema, nimechangamka. "Ndugu zako wanakutafuta, mzee! Nimeshampigia Gamaliel wa ambassade, yuko njiani."

Mzee Nagase akavilaza vijiti juu ya bakuli.

"Gamaliel," akasema polepole, "ndiye aliyenifungulia mlango kule ng'ambo."

Nikakaa mkekani mbele yake.

Akanieleza kwa maneno machache. Nyumba ile ilikuwa nzuri kwa nje. Gamaliel alimkaribisha kwa kuinama, nyuma yake vijana wawili, akaambiwa avue viatu. Akainama kufungua kamba. Kutoka pale chini akaona meza. Juu ya meza bakuli moja tu, wali umejaa, na vijiti viwili vimesimama katikati.

Waliopamba chumba kile walitaka kipendeze kwa picha. Hawakujua wamemwandalia mgeni wao chakula cha maiti.

"Nikajua huo si mgahawa, ni mtego wa kuwapora wageni. Nikasema nimesahau mkoba gare," mzee akaendelea. "Nikatembea. Nilipofika kwenye mahindi, nikakimbia."

Aliteguka mguu, akajificha humo usiku kucha. Kesho yake Ismaeli alikuwa anarudi na pikipiki yake kutoka Kaniama, akamkuta kashika mguu, na kule barabarani vijana wawili wanapekua mashamba. Akamfunika na magunia, akampeleka kwa baba yake mdogo.

"Na mbona hukuniambia?" nikamgeukia Ismaeli.

Mzee Nagase ndiye aliyejibu. Akatoa simu yake, akanionyesha yale maelezo ya mgahawa, akaniwekea kidole kwenye mstari wa mwisho akanitafsiria:

"Ukifika gare, muulize Mama Amida wa kibanda cha samaki. Kila mtu anamwamini. Ukisema jina lake, utajua uko mahali salama."

"Nilipofika hapa," akasema, "nilidhani wewe ni mmoja wao. Mume wako aliniapia kwamba hapana, wewe unaongea tu."

Nimewahi kutukanwa gare na walevi. Hakuna tusi lililoniingia kama lile, na halikuwa tusi.

Nje tukasikia gari.

Ismaeli alikimbia sebuleni kumwita Mzee Assumani. Aliporudi naye, mzee alikuwa bado ameshika juzuu. Akaelezwa. Gari ilikuwa imesimama mbele, milango inafunguliwa. Polisi ni mbali, na nani angejua Gamaliel anakula na nani? Nyuma ya nyumba ni ukuta wa msikiti, na nyuma ya ukuta, chini ya kibaraza, ndipo jeneza linapokaa.

Ismaeli aliangalia ukuta. Mzee Assumani akaona anachokiangalia.

"Jeneza haiko taxi, mutoto," akasema kwa ukali.

Kisha akamwangalia mgeni wake. Akafumba macho kidogo.

"Lakini tukimuacha, kesho tutabeba ile ile jeneza, na yeye mule ndani, mufu wa kweli. Muite bantu."

Wanaume wa hitima walikuwepo wote. Jeneza lilipita juu ya ukuta, likaingia ndani. Mzee Nagase alipoelewa, alitabasamu kwa shida.

"Nilikimbia wali wa maiti," akasema, "sasa mnanipa kitanda chake."

Akalala. Wakamfunika na kile kitambaa cha jeneza, cha kijani chenye maandishi ya Kurani. Ismaeli alikuwa kwenye simu na Kabange, rafiki yake Mkatoliki, mkulima mwenye lori, aliyekuwa anapakia mahindi ya kwenda Luena. "Utungojee ku njia ya makaburi," akamwambia. "Usiulize kintu."

Mimi kazi yangu ilikuwa kulia. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, tunabaki mlangoni. Nikatoka mlango wa nyuma, na nikakumbuka.

Viatu.

Vilikuwa pale pale, kitambaa cha kijani kinaita. Na Gamaliel, miwani ya jua usoni, alikuwa anakata kona ya nyumba kuja kwangu.

Sikuwaza. Nikaingiza miguu yangu ndani ya vile viatu, nikashusha kikwembe mpaka kikagusa vumbi, nikasimama.

"Mama," akasema taratibu. "Iko wapi ile viatu?"

Nikapiga yowe ambalo sikujua ninalo. Halikuwa la kuigiza. Nyuma yangu wanaume walikuwa wanatoka, jeneza mabegani, "La ilaha illa Llah, La ilaha illa Llah."

"Tumefiwa, papa! Tantine, shangazi ya bwana yangu, wa Kasongo, amekufa leo asubuhi!"

Akaangalia rundo la viatu. Akasogeza ndala moja kwa ncha ya kiatu chake. Akaangalia nyingine.

"Mama, uliniambia uliona viatu."

"Nilidanganyika. Ilikuwa ya shemeji yangu. Kichwa yangu haiko sawa leo."

"Sogea kidogo."

"Siweze, papa. Miguu imeniishia nguvu. Tumefiwa."

Jasho lilinitoka mpaka ndani ya viatu vya mzee. Gamaliel alinitazama usoni muda mrefu. Vijana wake walishaingia ndani na kutoka, wakatikisa vichwa. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea.

Alivua miwani, akaiweka mfukoni, akaenda kulibeba jeneza.

Kwetu ndivyo ilivyo. Jeneza likipita, mwanaume yeyote anasogea, anatoa bega hatua chache, anampisha mwingine. Hakuna anayemkatalia. Ismaeli alikuwa mbele; nilimwona mgongo wake ukikakamaa Gamaliel alipoingia chini ya mti ule ule wa kubebea jeneza, bega kwa bega naye.

Wakatembea.

Na mzee Nagase akakohoa.

Mara moja tu, kikohozi kile cha vumbi. Nilikisikia mimi niliyekuwa mlangoni. Sauti ya Mzee Assumani ikapanda, "LA ILAHA ILLA LLAH," na wanaume wote wakapanda naye, mtaa mzima ukatetemeka.

Gamaliel hakugeuka. Alitembea hatua zake, akampisha mwingine, akajipangusa bega. Akarudi kwenye gari bila haraka. Gari ikaondoka upande wa mjini.

Pale pale mlangoni nikamshukuru Mungu kwa kumziba masikio.

Kabange alimpakia mzee kati ya magunia, na kabla ya alfajiri walikuwa Luena. Kutoka huko wasamaria wengine walimfikisha Lubumbashi, na Lubumbashi akapanda ndege. Aliondoka na ndala za Ismaeli; mkoba wake tulimtumia Lubumbashi. Baada ya muda alitutumia picha akiwa na binti yake, kweli anaye, wamekaa mbele ya mabakuli ya wali. Vijiti vimelazwa.

Ismaeli na wenzake walikwenda ng'ambo ya reli. Nyumba ilikuwa tupu. Walikuta mikeka, meza fupi, na lile bakuli. Wali umeota ukungu, vijiti bado vimesimama. Wakatoa taarifa kunakohusika, na mgahawa ukatoweka kwenye simu. Gamaliel hajakamatwa.

Nilitaka kuishia hapa. Tungeagana vizuri.

Lakini juzi kati nilishika simu, nikaandika tu "Kamina, mahali pa kula." Nikaona kibanda changu. Jina langu, picha ya meza yangu. Mimi sijakiweka huko, Ismaeli naye hajakiweka. Chini yake kulikuwa na maoni ya mtu mmoja peke yake. Nyota tano.

"Samaki mzuri sana. Mama anaongea vizuri. Poleni na msiba, nami nilibeba. Marehemu wenu alikuwa na kikohozi. Nitarudi."

Alisikia.

Alisikia akiwa chini ya mti wa jeneza, katikati ya wanaume wote wa msikiti, akafanya hesabu yake, akaamua kungoja. Na sasa njia ya kufika kwangu iko wazi kwa kila mwenye simu.

Viatu vya mzee ninavyo, nimeviingiza ndani. Mzee Assumani aliviona chini ya kitanda changu na hakusema neno.

Nimeandika kwa ajili yenu mnaouza chakula mbele ya gare, bandarini, kwenye miji ya watalii ambako wageni wanashuka na njaa. Jitafuteni kwenye simu muone mmeandikwa nini. Mgeni akikuita kwa jina kabla hujamwambia, usifurahi. Muulize nani alimpa.

Na mtu akija kwako analia, mpe maji, mpe kiti, mpe hata samaki. Maneno mpe kesho.

Treni ya Kalemie inapiga honi sasa hivi ninapoandika. Siku hizi wakishuka abiria siangalii nyuso zao. Naangalia viatu, natafuta vile vinavyong'aa.